Doa la manjano kwenye shati la shule limegeuka jekundu kwa sabuni. Nimweleze vipi mwanangu asidi na besi?

MamaLishe_Kirumba aliuliza:

Mwangaluka ndugu zangu. Naomba mwenye kujua anisaidie, na naomba asinipe jibu la mkato, maana anayeuliza hasa ni mwanangu wa darasa la saba, na yeye jibu la mkato halimtoshi.

Napika na kuuza chakula karibu na mwalo wa Kirumba, wanaposhukia wavuvi hapa Mwanza. Jumatano kijana wangu alipita kwangu akitoka shule, nikampakulia wali na mchuzi wa sato. Mchuzi wangu haukosi manjano. Akajimwagia kifuani, shati jeupe la shule. Jioni nikaliloweka, nikachukua sabuni ya mche nikaanza kusugua lile doa. Palepale likawa jekundu, ule wekundu wa damu iliyokauka. Nikashtuka. Nikadhani nimeuziwa sabuni mbovu, nikaenda kuomba kipande kwa jirani, mambo yakawa yaleyale. Nikajua shati ndiyo basi tena, na shati jipya ni hela ya unga wa siku kadhaa.

Mwanangu alikuwa amekaa kizingitini ananikatia ndimu. Akasema, "Mama, mwalimu alisema kuna vitu vinabadilika rangi vikikutana na besi." Akanyanyuka, akakamua ndimu juu ya doa. Wekundu ukaondoka, njano ikarudi, naangalia kwa macho yangu. Akapaka sabuni tena: nyekundu. Ndimu: njano. Tulirudia mara nne, ndimu zikaisha na maji ya beseni yakapoa.

Usiku akafungua daftari. Kila kitu kimo na yote anayajua kwa kichwa: asidi ni chachu, besi ni chungu na zinateleza, asidi hugeuza karatasi ya litmasi ya bluu kuwa nyekundu, besi hugeuza nyekundu kuwa bluu. Lakini kwenye jaribio la mwezi uliopita alikosa swali moja. Sentensi ilikuwa "Asidi huunguza, besi haziunguzi", akaandika KWELI, akapigwa mkasi bila maelezo. Simlaumu mwalimu, darasa lao limejaa watoto. Ila mtoto ameniuliza hivi: "Mama, ndimu ni asidi na tunaila. Sabuni ni besi na inatuosha. Sasa ipi inaunguza, na inaunguza kwa nini? Na magadi unayotia kwenye maharage je?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilimaliza la saba nikiwa nimekariri maneno hayohayo.

Nimekumbuka pia bibi yangu kule Ukerewe. Alikuwa anachoma maganda ya ndizi, majivu anayaweka kwenye chungu chenye matundu, anamiminia maji juu, yanadondoka chini yakiwa na rangi ya chai iliyopauka. Hayo ndiyo aliyopikia maharage makavu. Ukiyashika yanateleza kama sabuni. Nayo ni besi? Na kwa nini yanateleza?

---

Mwalimu_Ilemela alijibu:

Dada yangu, hongera, na umpe kijana hongera zangu. Nimefundisha sayansi shule za msingi miaka 19, na sijawahi kuwa na onyesho zuri kuliko hilo lililotokea kwenye beseni lako. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali lake linastahili.

Aanze kwa kuliweka pembeni neno "chachu" na neno "chungu". Si uongo, lakini ni habari za ulimi, na ulimi haupaswi kuwa kipimo. Asionje chochote asichokijua kuwa ni chakula. Hilo mlisimamie kabisa.

Badala yake mwambie hivi: asidi imebeba mzigo inaotaka kuutua, besi ina mikono mitupu ya kuupokea. Mzigo wenyewe ni chembe ndogo sana ya haidrojeni yenye chaji chanya, wataalamu wanaiita ayoni ya haidrojeni. Ndimu ina asidi ya sitriki, siki ina asidi ya asetiki, tumbo lako linatengeneza asidi ya haidrokloriki. Majina ni tofauti, mzigo ni uleule. Upande wa pili kuna magadi, sabuni, chokaa, majivu. Hao ni wapokeaji. Aliyelifungua jambo hili ni Svante Arrhenius wa Uswidi, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuchunguza namna vitu vinavyoachia ayoni vikiyeyuka majini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sasa turudi kwenye shati. Rangi ya manjano inatokana na kitu kinachoitwa kurkumini. Kurkumini nayo ina mzigo wa haidrojeni, lakini imeushika kwa nguvu, haiuachii hovyo. Ikiwa na mzigo wake ni ya njano. Sabuni ni besi. Ulipoisugua, sabuni ikaupokonya mzigo ule, na kurkumini isiyo na mzigo ni nyekundu. Kijana akaleta ndimu. Ndimu ina mizigo tele, ikairudishia, njano ikarudi. Mara nne mlizocheza, ni mzigo mmoja uliokuwa unachukuliwa na kurudishwa. Sabuni yako haina ubovu wowote, na ya jirani pia.

Karatasi ya litmasi inafanya kazi kwa namna hiyohiyo, na ni mbinu ya zamani. Robert Boyle, mwanasayansi aliyezaliwa Ireland, aliandika mwaka 1664 kuwa sharubati ya maua ya zambarau inageuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Alitumia maua, ninyi mmetumia mchuzi wa sato.

Sasa lile swali alilokosa, na hapa ndipo nataka asome mara mbili. Kwa nini besi nayo inaunguza? Ngozi, jicho, nyama, vyote vimejengwa na chembe zilizoshikana kwa mpangilio, na ndani yake haidrojeni zimo kila mahali. Asidi kali inasukumiza mizigo yake kwa kila inachokigusa. Besi kali inapokonya mizigo kwa kila inachokigusa. Ukisukumiziwa unavunjika, ukipokonywa pia unavunjika. Kwa hiyo hatari haiko upande wa asidi peke yake. Hatari iko kwenye umbali kutoka katikati.

Huo umbali una kipimo, kinaitwa pH. Kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen, Mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Kwa kawaida tunakisoma kuanzia 0 hadi 14. Katikati, 7, ni maji safi. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi. Ndimu iko kwenye 2 na kitu, damu yetu ni 7.4 hivi, sabuni ya mche ni kama 10, magadi yaliyoyeyushwa majini yanafika 10 au 11, na kostiki soda ya kutengenezea sabuni inafika 13 hadi 14. Mwanafunzi asichukulie kuwa toka 3 hadi 2 ni hatua ndogo. Kila hatua moja ni mara kumi. Hatua mbili ni mara mia.

Hapo mtoto atauliza, kama ndimu ni 2, mbona haituunguzi? Inaunguza kidogo, muulize aliyekamua ndimu akiwa na kidonda. Ila asidi ya ndimu na ya siki ni dhaifu, maana yake zinatua mizigo kwa ubahili. Kwenye siki ya dukani, kati ya chembe 100 za asidi ya asetiki haifiki hata moja iliyokwisha kuutua mzigo wake majini. Asidi ya salfuriki iliyomo kwenye betri haina ubahili huo: kila chembe inatua mzigo wake wa kwanza mara tu inapokutana na maji. Kwa hiyo atofautishe maneno mawili ambayo watu wanayachanganya. "Kali" ni tabia ya asidi yenyewe, inatua mizigo yote au michache. "Iliyokolea" ni wingi wake kwenye maji. Siki hata ukiikoleza bado ni asidi dhaifu, ingawa iliyokolea sana inaunguza.

Kuhusu bibi yako: alikuwa mkemia na hakuna aliyemwambia. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi, na maji yakipita ndani yake yanayeyusha potasiamu kaboneti. Ni besi, na kwa kuwa imeyeyuka majini tunaiita pia alkali. (Kila alkali ni besi, lakini si kila besi ni alkali, kwa sababu ziko besi zisizoyeyuka.) Neno alkali lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea. Halina undugu na "kali" yetu ya Kiswahili, nimeona wanafunzi wakijichanganya hapo. Magadi yako ni ndugu wa karibu wa maji ya bibi: ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti, kama yale yanayojikusanya Ziwa Natron, ambako maji yanapita pH 10. Maharage yanalainika kwa sababu besi inaifungua ile gundi inayoshikilia kuta za mbegu. Usizidishe, magadi mengi yanaua vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni.

Na utelezi? Besi ikigusa ngozi inashika mafuta yako na kuanza kuyageuza sabuni. Vidole vinateleza juu ya sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta yako mwenyewe. Ndiyo maana sitaki mtoto ajifunze kutambua besi kwa kushika.

---

FundiBetri_Igoma alijibu:

Mwalimu amemaliza. Mimi naongeza la kwangu kwa sababu mama amesema yuko Kirumba, na hapo mwaloni betri zimejaa.

Zamani wavuvi wa dagaa walikwenda na karabai. Siku hizi wengi wanawasha taa za betri, na betri zikichoka zinakuja kwetu. Nina miaka mingi kwenye kazi hii na nina suruali tatu zenye matundu mapajani. Ndugu zangu, yale matundu huyaoni siku hiyo. Tone linakudondokea, unaona unyevu tu, linakauka, unaendelea na kazi. Unafua Jumamosi, unaanika, ukianua unakuta kitambaa kimekatika kama kimetafunwa na mende. Nilimuuliza mtu aliyesoma akanieleza: maji yanakauka lakini asidi ya salfuriki haikauki nayo, inabaki, inazidi kukolea kwenye uzi. Pamba haiiwezi.

Ndani ya betri, karibu theluthi moja ya kimiminika kile ni asidi na iliyobaki ni maji. Kwa macho ni maji matupu. Hakina rangi, hakina harufu. Na tatizo letu la lugha ni kwamba watu wanaita "maji ya betri" vitu viwili: ile asidi yenyewe, na maji yaliyochujwa ya kuongezea kiwango kikishuka. Nimeshaona mtu anamwagia asidi betri iliyohitaji maji tu. Nimeona vibaya zaidi: asidi imewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imeachwa juu ya meza, na mtoto ana kiu. Tuliiwahi. Tangu siku hiyo asidi yangu haikai kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwambia hilo kabla hajashika spana.

Mwambie na hili litamsaidia huko mbele: akifika sekondari akaambiwa aizimue asidi kwa maji ili isiwe imekolea sana, amimine asidi kidogo kidogo ndani ya maji. Asimimine maji ndani ya asidi. Asidi ya salfuriki ikikutana na maji inatoa joto kali. Maji yakiwa mengi yanalibeba joto lile. Maji yakiwa tone moja juu ya asidi, yanachemka palepale na kukurushia usoni.

---

SabuniZetu_Sengerema alijibu:

Sikutaka kuandika lakini nimesoma ile sentensi ya mtoto, "besi haziunguzi", nimeshindwa kunyamaza.

Kikundi chetu cha akina mama tunatengeneza sabuni kwa mawese na kostiki soda. Kostiki ni sodiamu haidroksaidi, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Mwaka wetu wa kwanza hakuna aliyetufundisha. Tulijua asidi ndiyo mbaya, hii ni ya sabuni, itakuwa na ubaya gani? Mwenzetu mmoja alimimina maji juu ya kostiki ndani ya ndoo. Ikachemka na kuruka, tone likamwingia jichoni. Mmoja wetu akakimbilia ndimu, akisema ndimu itaipoza. Namshukuru Mungu kulikuwa na mama mtu mzima pale aliyepiga kelele, "Maji! Maji tu!" Tulimlaza chini tukammiminia maji jichoni, ndoo baada ya ndoo, huku tunamfungua kope kwa vidole, halafu tukampeleka hospitali. Jicho linaona. Kovu lipo.

Kwa hiyo mwanao ajue: asidi au besi ikikumwagikia, dawa ya kwanza ni maji mengi na kwa muda mrefu. Si ndimu, si siki, si magadi. Ikiwa ni unga mkavu, upanguse kwanza ndipo uoshe. Nguo iliyolowa ivuliwe.

Na sufuria zetu hizi za alumini hazifai kwa kostiki. Tuliweka mara moja, ikaanza kutoa povu na mvuke, sufuria ikachimbika. Baadaye tulielezwa kuwa kostiki inaila alumini na hewa inayotoka ni haidrojeni, ambayo inashika moto. Sasa tunatumia ndoo za plastiki ngumu, glavu na miwani.

Jambo moja ninalolipenda katika kazi hii: kostiki ileile iliyomchoma mwenzetu, ikishakutana na mawese ya kutosha na kukaa wiki kadhaa, inaisha. Haimo tena ndani ya mche. Imekuwa sabuni na glisarini, unamwogeshea mtoto.

---

Kijana_Nansio aliuliza:

Samahani naingilia. Sisi tulifundishwa kuwa nyuki akikuuma upake magadi kwa sababu sumu yake ni asidi, na nyigu upake siki kwa sababu sumu yake ni besi. Ni kweli?

---

Muuguzi_Nyamagana alijibu:

Mdogo wangu, hilo limezagaa sana mashuleni lakini halikusaidii. Sumu ya nyuki inaumiza kwa sababu ya protini zilizomo, si uasidi wake, na imeshaingia chini ya ngozi. Magadi unayopaka juu hayaifikii. Ondoa mwiba haraka, osha kwa sabuni na maji, weka kitu cha baridi. Mtu akivimba uso au midomo, au akianza kupumua kwa shida, hiyo ni safari ya hospitali mara moja.

Kiungulia ni mfano bora wa asidi na besi kukutana mwilini. Asidi ya tumbo inapanda kwenye koo la chakula, unatafuna kidonge cha magnesia ambacho ni besi dhaifu, mzigo unapokewa, moto unapoa. Ila anayetafuna kila siku kwa wiki nzima aje apimwe.

---

MamaLishe_Kirumba alijibu:

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mwanangu kwa sauti huku anapepeta mchele. Aliposikia "mzigo" na "mikono mitupu" akaacha ungo. Akasema, "Kumbe manjano iliibiwa."

Mwalimu, nina swali moja. Anataka kupima vitu vingine hapa nyumbani. Litmasi hatuna. Afanyeje kwa usalama?

---

Mwalimu_Ilemela alijibu:

Marahaba dada yangu. Litmasi si lazima.

Achukue kijiko kimoja cha unga wa manjano, akoroge na spiriti kidogo ya kuoshea vidonda, mbali na jiko maana spiriti inawaka. Maji matupu hayaitoi rangi vizuri. Achovye vipande vya karatasi nyeupe, aanike kivulini. Hizo ndizo karatasi zake za kupimia besi: zitageuka nyekundu kwa sabuni, magadi, maji ya majivu, maji ya chokaa. Kwa asidi hazitabadilika, zitabaki njano, kwa hiyo asije akasema maji ya kunywa ni asidi kwa kuwa karatasi imebaki njano.

Kwa asidi na besi pamoja atumie choya. Achemshe maua yake makavu, achuje, apate maji mekundu. Agawe kwenye vikombe. Cha kwanza akiache kilivyo, cha pili atie ndimu, cha tatu atie magadi yaliyoyeyushwa kidogo kidogo. Chenye magadi kitapita kwenye rangi ya zambarau mpaka kijani cheusicheusi. Choya yenyewe ni chachu, kwa hiyo tone moja halitaonyesha kitu, ategemee kijiko kizima au zaidi. Yaliyotiwa kitu yasinywewe.

Na kuna moja ninayowapa watoto wa Mwanza peke yao. Achukue siki, jiwe dogo la hapa kwetu na ganda la yai. Siki juu ya jiwe, siki juu ya ganda. Aniambie ameona nini. Makombe ya konokono yangefaa pia, ila asiingie ziwani kuyatafuta, kichocho kipo.

Kostiki, asidi ya betri na dawa za kusafishia choo asiguse kabisa.

---

MamaLishe_Kirumba alijibu:

Mwalimu, tumefanya Jumamosi baada ya kufunga biashara. Naandika kama tulivyoona.

Karatasi za manjano: sabuni ya mche, nyekundu. Magadi, nyekundu zaidi. Nilichoma maganda ya ndizi kwenye jiko la mkaa, nikachuja kama bibi, kwa kopo nililotoboa. Tone la kwanza liliingia kwenye karatasi likafanya duara jekundu lenye ukingo kama wa sarafu. Nilikaa kimya kidogo pale. Bibi alikufa mimi nikiwa darasa la tano, na hakuna siku nilimsikia akisema neno besi.

Choya: ilikwenda ulivyosema, ila zambarau ilipita haraka mno, ikabidi arudie kwa kijiko cha chai. Kisha akamimina ndimu kwenye kile cha kijani. Kilitoa povu kwanza, kwa nguvu, kikamwagika mezani, ndipo wekundu ukarudi. Akauliza povu ni nini. Nikasema tutamuuliza mwalimu.

Jiwe: halikufanya chochote. Alilisubiri karibu saa nzima. Ganda la yai lilianza kutoa vipovu vidogovidogo papo hapo, likawa linapanda na kushuka ndani ya glasi. Asubuhi lilikuwa laini, linakunjika. Anataka kujua kwa nini jiwe limeshinda na yai limeshindwa, wakati jiwe na ganda vyote ni vigumu.

---

Mwalimu_Ilemela alijibu:

Ugumu haukuhusu. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, na magadi ni sodiamu kaboneti. Kaboneti ikipewa mzigo na asidi, inavunjika na kutoa hewa ya ukaa. Ndilo povu la kikombe, na ndivyo vipovu vya glasi. Akitaka uhakika, awe na wewe pembeni, aweke magadi na ndimu kwenye glasi ndefu, povu likitulia ashushe kijiti cha kiberiti kinachowaka ndani ya mdomo wa glasi bila kugusa maji. Kitazima.

Mawe yetu ya Mwanza, haya yaliyobebana vilimani na lile la Bismarck lililosimama ziwani, ni granaiti. Granaiti haina kaboneti ya kumpa siki kazi. Angekuwa Tanga kwenye mawe ya chokaa ya Amboni, jiwe lingetoa povu. Maji ya mvua yana uasidi kidogo kwa sababu yanabeba hewa ya ukaa, na maji ya namna hiyo, kwa miaka mingi mno, ndiyo yaliyochimba yale mapango.

---

MamaLishe_Kirumba alijibu:

Tumefanya ya kiberiti. Kilizima kikiwa bado hakijafika katikati ya glasi. Alirudia na vijiti sita, nikamnyang'anya kiberiti.

Shati nimelifua mara mbili, nimeanika juani siku nzima, doa limefifia, sasa lazima ujue lilipo ndipo ulione. Amelivaa leo. Kabla hajatoka alichukua karatasi ya jaribio, akaikata ile sentensi kwa rula, akaandika juu yake: "Asidi kali huunguza. Besi kali huunguza. Osha kwa maji mengi." Ameipeleka kwa mwalimu wake, na karatasi tano za manjano ndani ya bahasha.